Barbasi Walioongezeka Kwenye Karatasi: Uchambuzi wa Kisa cha Ufuatiliaji wa Samaki Wadogo wa Mtoni

Jina la mto, kaunti, kikundi cha watumiaji maji na mfadhili yameondolewa. Idadi halisi za samaki waliovuliwa hazimo pia, kwa sababu zingeitambulisha ripoti yenyewe. Vipimo vya nyavu, dawa na vipande vya mto vimeachwa vilivyo. Hesabu za idadi zilizomo ni za mfano, na zimetajwa hivyo.

## Usuli

Mto wa kisa hiki ni kijito cha nyanda za juu upande wa Kenya, tawi la mto mkubwa unaoingia Ziwa Victoria. Upana wake wa wastani wakati wa kiangazi ni mita 4. Kikundi cha watumiaji maji kiling'oa mikaratusi kwenye kingo, kikapanda mianzi na miti ya asili, kisha kukawekwa vizuizi vya kuzuia mifugo kunywa popote. Mfadhili alitaka kujua kama kazi hiyo imewasaidia samaki wa asili.

Kiashiria kilichochaguliwa ni *Enteromius kerstenii*, barbasi mdogo mwenye doa la rangi ya chungwa hadi jekundu kwenye kifuniko cha mashavu. Mtu mzima wa aina hii ni samaki wa sentimita chache tu; mara chache hufika 9. Kwenye karatasi uchaguzi ulikuwa na mantiki: ni mwenyeji wa bonde hilo, hupenda maji ya polepole yenye majani, na doa lake lilidhaniwa kuwa rahisi kwa wajitolea kulitambua. Dhana hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa kisa chote.

Mwaka wa kwanza na wa pili idadi ilikuwa tambarare. Mwaka wa tatu ikapaa ghafla, na rasimu ya ripoti ikatangaza kwamba samaki wamerudi.

## Samaki wenyewe na wanaofanana nao

Barbasi wadogo wa Afrika waliandikwa kwa muda mrefu chini ya jenasi (kundi la aina za karibu) ya *Barbus*. Tangu 2015 wengi wao wamehamishiwa *Enteromius*, jina la tangu 1867, ingawa si wataalamu wote waliokubali mara moja. Ndiyo maana funguo za zamani za utambuzi zina *Barbus kerstenii* mahali ambapo orodha mpya ina *Enteromius kerstenii*. Ni samaki yule yule. Barbasi wakubwa, akiwemo fwani wa Ziwa Victoria (*Labeobarbus altianalis*) anayeweza kufika sentimita 90, wako kwenye jenasi nyingine. Chembe za *Enteromius* zina seti mbili za kromosomu, karibu 50 kwa jumla. Za *Labeobarbus* zina seti sita, karibu 150. Mtoni hakuna anayehesabu kromosomu, lakini kifaranga wa fwani wa milimita 40 na barbasi mzima wa milimita 60 huingia kwenye wavu mmoja, wote wana jozi mbili za sharubu, na wote wanang'aa kama fedha.

Waliokuwa wakichanganywa kwenye kijito hiki ni hawa:

- *E. kerstenii*, aliyelengwa. Mwiba wa pezi la mgongoni una meno ya msumeno upande wa nyuma. Magamba ni makubwa kiasi, kwa hiyo kwenye mstari wa ubavu (safu ya magamba yenye vitundu toka kichwani hadi mkiani) huwa machache, kwa kawaida chini ya 30.
- *E. paludinosus*. Naye ana mwiba wenye meno, mwili wa fedha usio na alama kubwa, sharubu fupi, na magamba madogo zaidi. Mstari wa ubavu huwa na 30 au zaidi.
- *E. neumayeri*, mkazi wa vijito vya juu. Rangi yake hubadilika sana toka mto hadi mto, kwa hiyo picha ya kitabu isitumiwe kama mizani.
- *E. apleurogramma*, mdogo kuliko wote. Mstari wake wa ubavu haupo au umekatika baada ya magamba machache.
- Vifaranga wa fwani. Mwiba wao wa mgongoni ni laini, hauna meno.

Wavuvi wa Kijaluo huwaita barbasi wadogo kwa jumla *adel*. Maelezo yao kuhusu wapi adel hupatikana na lini hupanda mto yalikuwa sahihi na yalitumika kuchagua vituo, ila hayakuweza kutumika kama rekodi za aina moja. Timu ilielewa hilo kwa wavuvi, ikasahau kwamba wajitolea wake wenyewe walikuwa wakifanya vivyo hivyo kwa jina la Kilatini.

## Mpango ulivyokuwa

Vituo vitano, kila kimoja kikiwa kipande cha mita 160. Urefu huo ulitokana na kanuni inayotumika sana ya kuchukua mara 40 ya upana wa mto, na isipungue mita 150, ili kipande kiwe na vidimbwi, mikondo na sehemu za mawe. Kila kituo kilivutwa wavu mara tatu, na kikategwa migono sita usiku kucha. Samaki walipimwa, wakatajwa jina, wakarudishwa.

Wavu wa kukokota ulihitaji ruhusa maalumu juu ya leseni ya utafiti, maana kokoro limepigwa marufuku nchini na mwananchi akiona watu wanakokota wavu mtoni ana haki ya kupiga ripoti. Barua ilibebwa kila siku ya kazi na chifu aliarifiwa mapema. Hapo hapakutokea tatizo.

Mashine ya kuvulia kwa umeme ilifikiriwa na kuachwa. Inavua vizuri zaidi kwenye mawe na mizizi, lakini inadai opereta aliyefunzwa, viatu virefu vya mpira visivyovuja kwa kila aliyemo majini, na kupima upitishaji umeme wa maji kabla ya kuweka volti. Kwa kikundi cha wajitolea wanaobadilika kila msimu, uamuzi wa kuiacha ulikuwa sahihi na hadi leo haujajutiwa.

## Mfuatano wa matukio

Mwishoni mwa mwaka wa pili wavu uliraruka kwenye kisiki. Karatasi ya vifaa ilisema tu: "wavu wa kukokota, jicho mm 8." Mnunuzi akaagiza hivyo hivyo, na muuzaji akatuma wavu wa milimita 8.

Jicho la wavu hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni toka fundo hadi fundo, upande mmoja wa mraba. Ya pili ni kulivuta jicho hadi linyooke na kupima urefu wote, ambao ni mara mbili ya upande. Wavu wa zamani ulikuwa milimita 8 fundo hadi fundo, yaani 16 ukivutwa. Mpya ulikuwa 8 ukivutwa, yaani 4 fundo hadi fundo. Hakuna aliyeuweka mmoja juu ya mwingine.

Athari yake inahesabika bila kuingia majini. Jicho la upande wa milimita 8 lina mzunguko wa milimita 32. Mzunguko wa mwili wa barbasi mwenye umbo la kawaida ni kama theluthi mbili ya urefu wake wa kawaida (ncha ya pua hadi mwisho wa uti, bila mkia). Kwa hiyo wavu wa zamani ulimwachilia karibu kila samaki aliye chini ya milimita 48 hivi. Wavu mpya, wenye mzunguko wa 16, unamzuia samaki wa milimita 24. Ghafla tabaka zima la samaki wadogo, ambalo lilikuwepo mtoni siku zote, likaanza kuonekana. Sehemu kubwa ya tabaka hilo ilikuwa vifaranga wa fwani.

Samaki hao waliandikwa *kerstenii* kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fomu. Ilikuwa na kisanduku "doa jekundu: ndiyo / hapana" chini ya jina la aina lililokwisha kuchapishwa. Mjitolea aliyejua kwamba mradi unamtafuta *kerstenii* alijaza ndiyo na kuendelea, hasa jua linapochoma na ndoo inazidi kujaa.

Ya pili ilionekana baadaye kwenye picha. Samaki walipigwa picha ndani ya beseni jekundu la plastiki. Kifuniko cha mashavu cha barbasi ni kama kioo, na beseni lilikuwa likitupa rangi yake humo: kwenye picha, hata kifaranga wa fwani alionekana na wekundu nyuma ya jicho. Picha zilizopigwa siku chache beseni liliposahaulika, samaki akiwa juu ya kiganja kilicholowa, hazina wekundu huo.

Aliyeshtuka si mtaalamu wa samaki bali mchakataji wa data. Alipochora urefu wa samaki mwaka kwa mwaka, mwaka wa tatu ulikuwa na nundu kubwa chini ya milimita 50, na upande wa wazima haukusogea. Kama kweli *kerstenii* walizaana vizuri mwaka wa pili, wazima wa mwaka wa tatu walipaswa kuongezeka pia. Akaomba mitungi ya sampuli ifunguliwe.

## Maamuzi na sababu zake

Ripoti ilisimamishwa, kazi ya mtoni haikusimama. Kusimamisha vyote kungefungua pengo kwenye mfululizo, na pengo halizibiki. Mfadhili alipewa barua ya ukurasa mmoja: ongezeko halijathibitishwa, sababu inayoshukiwa ni hii, tarehe ya majibu ni hii.

Sampuli zilikaguliwa kwa gamba, si kwa rangi. Wekundu huyeyuka haraka kwenye formalini na ethanoli, kwa hiyo doa halikuwa na kazi tena. Kilichobaki ni miundo migumu, na mpangilio uliofuatwa ni huu:

1. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, pitisha sindano taratibu toka ncha ya mwiba wa mgongoni kuelekea mzizi, ukigusa ukingo wa nyuma. Meno hukwaruza na kuishika sindano. Kwa samaki wa chini ya milimita 30 meno huwa hayajajitokeza vizuri. Usiandike "laini" kwa samaki wa kimo hicho, andika "haijulikani".
2. Ng'oa gamba moja ubavu wa kulia, juu ya mstari wa ubavu, chini ya pezi la mgongoni. Lilowanishe, libane kati ya vioo viwili vya hadubini, litazame kwa ukuzaji wa mara 20 hadi 40. Kwenye *Enteromius*, mifereji ya gamba hutawanyika toka katikati kama miale. Kwenye *Labeobarbus* hukimbia sambamba kuelekea nyuma.
3. Fuatilia mstari wa ubavu toka kichwani hadi mkiani. Ukikatika mapema, huyo ni *apleurogramma*.
4. Hesabu magamba yenye tundu kwenye mstari huo. Hesabu mara mbili, mtu wa pili asione namba ya kwanza.
5. Pima sharubu ya nyuma dhidi ya kipenyo cha jicho.

Hatua ya 2 ndiyo iliyokata mzizi wa fitina. Inachukua chini ya dakika tatu kwa samaki mmoja, na kinachohitajika ni hadubini ya kawaida ya shule. Makosa yake ni machache lakini yapo: gamba lililoota upya baada ya jeraha huwa na kitovu kilichovurugika na mifereji isiyosomeka. Ukikutana nalo, ng'oa jingine safu moja juu.

Rekodi zote ziligawanywa kwa daraja la uhakika. Daraja A: sampuli ipo na gamba limesomwa. B: picha ya ubavu wa kushoto inayoonyesha mwiba na mstari wa ubavu vya kutosha. C: karatasi tu. Hakuna rekodi iliyofutwa. Zile za C zilibadilishwa jina tu, zikawa "barbasi wadogo, jenasi haijathibitishwa", na jina la awali likahifadhiwa kwenye safu yake.

Rekodi za C hazikugawanywa kwa uwiano. Huu ndio uamuzi uliobishaniwa zaidi. Upande mmoja ulisema: kama sehemu fulani ya sampuli za A ni *kerstenii*, chukua sehemu hiyo hiyo ya C. Hoja hiyo ingesimama kama sampuli zingechukuliwa bila upendeleo. Hazikuchukuliwa hivyo. Ukiangalia mitungi, samaki waliohifadhiwa ni wakubwa, wazuri, wenye mapezi kamili. Mtu akiambiwa achague mfano atachagua mzuri. Wadogo waliozua ongezeko lote karibu hawakuwakilishwa. Uwiano wa mitungi ungehamishia kwa vifaranga sura ya wazima, na kosa lingerudi likiwa limevaa suti ya hesabu.

Mfululizo ulikatwa kwenye milimita 50. Wavu wa zamani ulishonwa, nyavu zote mbili zikavutwa kwa zamu kwenye vipande vidogo vilivyo jirani, na anayeanza akibadilishwa kila kipande. Lengo lilikuwa kupata kizidisho cha kuoanisha mavuno ya zamani na mapya. Hakikupatikana kizidisho kimoja, na kwa kweli hakingeweza kupatikana, kwa kuwa tofauti ya nyavu hutegemea urefu wa samaki. Kwa samaki wa milimita 50 na kuendelea nyavu zililingana vya kutosha. Chini ya hapo, data ya miaka miwili ya kwanza haipo, na hakuna hesabu ya kuirudisha.

Raundi za mvua ziliondolewa. Barbasi wadogo hupanda mto maji yanapofurika ili kutaga. Samaki wanaovuliwa wakati huo wanaweza kuwa wapita njia, na maji machafu hupunguza uwezo wa wavu. Vipimo vya kulinganisha miaka vimewekwa Januari na Februari, maji yakiwa yamepungua na kutulia, kwa sharti kwamba hakujanyesha mvua kubwa siku tatu zilizotangulia.

Vinasaba vilichukuliwa lakini havikufanywa hakimu wa mwisho. Uchunguzi wa vinasaba vya barbasi wa Kenya uliochapishwa 2017 ulionyesha mambo mawili yanayohusu mradi wowote kama huu: baadhi ya majina yanayotumika yanabeba koo ambazo hazijaelezwa rasmi, na kuna mahali ambapo vinasaba vya mitokondria (sehemu ya chembe yenye vinasaba vyake yenyewe) vimevuka toka aina moja kwenda nyingine. Msimbo mmoja wa mitokondria unaweza basi kukupa jina lisilo la samaki uliyemshika. Kwa sababu hiyo hiyo kupima vinasaba vilivyomo kwenye maji hakukuchukua nafasi ya wavu. Kipimo hicho kinasema aina fulani ipo karibu. Hakisemi ni wangapi, wala wana urefu gani, na hutegemea maktaba ya kulinganishia iliyo sahihi.

## Utaratibu wa sampuli uliowekwa

Samaki hulazwa kwa mafuta ya karafuu. Mafuta hayachanganyiki na maji baridi, kwa hiyo huyeyushwa kwanza: sehemu 1 ya mafuta kwa 9 za ethanoli. Mililita 0.5 ya mchanganyiko huo kwa lita moja ya maji ya mto inatoa takriban miligramu 50 za mafuta kwa lita, inayotosha kumlegeza barbasi ndani ya dakika chache. Anayerudishwa mtoni hukaa kwanza kwenye ndoo ya maji safi yenye pampu ya hewa mpaka aogelee wima. Anayehifadhiwa huachwa kwenye dozi mara nane au zaidi ya hiyo kwa dakika 10 baada ya mashavu kuacha kupiga.

Kipande cha pezi la tumboni la kulia hukatwa na kutiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 *kabla* samaki hajagusa formalini, maana formalini huharibu vinasaba. Ubavu wa kushoto hauguswi. Ndio unaopigwa picha na kupimwa. Halafu samaki huingia kwenye formalini ya asilimia 10, ambayo ni sehemu 1 ya formalini ya dukani kwa 9 za maji. Kwa samaki wa kimo hiki siku tatu hadi saba zinatosha. Huoshwa kwa maji yanayobadilishwa kwa siku mbili, kisha huhamishiwa ethanoli ya asilimia 70. Lebo ya karatasi ngumu huandikwa kwa penseli na kuwekwa *ndani* ya mtungi. Lebo ya nje ikiandikwa kwa kalamu ya wino, ethanoli ikidondoka mara moja huwa imekwisha.

Ni nani anahifadhiwa? Si mzuri tena. Wa kwanza watano katika kila tabaka la milimita 10, kwa kila kituo, kwa kila raundi ya kiangazi, kwa mpangilio waliotoka kwenye ndoo. Tabaka likikosa watano, huchukuliwa waliopo ila wasizidi nusu yao. Mitungi hupelekwa kwenye mkusanyo wa samaki wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na namba ya mkusanyo huandikwa kwenye karatasi ya shambani.

## Matokeo

Sampuli za mwaka wa tatu zilizo chini ya milimita 50 zilionyesha kwamba wengi walioitwa *kerstenii* walikuwa *Labeobarbus*. Wachache walikuwa *paludinosus*, na kwenye kituo cha juu kabisa walikuwemo *neumayeri*. Kwa samaki wa milimita 50 na zaidi, wa daraja A na B, mfululizo haukuonyesha kupanda wala kushuka. Ripoti ikaandikwa hivyo. Haikusema urejeshaji wa kingo umeshindwa, kwa sababu data haikuwa na nguvu ya kusema hivyo pia. Miaka mitatu ya vituo vitano ni michache mno kutenganisha athari ya miti na tofauti za kawaida za mvua.

Lililopatikana bila kutafutwa ni kwamba kijito kinalea vifaranga wa fwani kwa wingi. Fwani ni samaki wa chakula na hupanda mito kutaga. Hoja ya kulinda kingo ikapata mguu mwingine wa kusimamia.

## Uchambuzi

Kilichookoa kazi ni kitu kimoja kilichofanywa sawa tangu siku ya kwanza: urefu wa kila samaki uliandikwa, si idadi tu. Bila urefu nundu isingeonekana, kukata kwenye milimita 50 kusingewezekana, na kisa kingeishia kwenye chapisho la pongezi. Kupima samaki mia huchukua muda na wajitolea hulalamika. Walalamike.

Sampuli zilisaidia nusu. Zilithibitisha kosa lakini hazikuweza kulipima ukubwa, kwa sababu ya namna zilivyochaguliwa. Kwa maoni yetu huu ndio udhaifu mkubwa kuliko hata wa wavu. Wavu unaweza kushonwa na kulinganishwa baadaye, lakini samaki asiyewekwa mtungini mwaka ule hapatikani tena.

Kutegemea alama ya rangi kulikuwa kosa la muundo. Doa la *kerstenii* ni la kweli na ni zuri, na kwa samaki mzima aliye hai kwenye mwanga wa kivuli linasaidia. Lakini alama inayofifia samaki akichoka, inayopotea kwenye dawa na inayoweza kuazimwa toka kwenye beseni haiwezi kuwa ya kwanza kwenye ufunguo. Iwe ya mwisho, ya kuunga mkono.

Njia ya kuhesabu nayo ina la kusemwa. Mivuto mitatu bila kuziba kipande hutoa fahirisi (kipimo cha kulinganisha tu), si makadirio ya idadi. Sasa vituo viwili kati ya vitano huzibwa kwa nyavu juu na chini, kisha huvutwa kwa juhudi ileile mara mbili, na kati ya mivuto husubiriwa nusu saa hadi tope litulie. Tuseme, kwa mfano, mvuto wa kwanza umetoa samaki 60 na wa pili 24. Makadirio ni 60 kwa kipeo cha pili, kugawanya kwa 60 kutoa 24: 3,600 kwa 36, yaani 100, na uwezo wa kukamata kwa kila mvuto ni 0.6. Mvuto wa pili ukitoa sawa na wa kwanza au zaidi, hesabu haifanyi kazi, na kwa kawaida maana yake ni kwamba wavu wa kuziba unavuja chini au samaki walikuwa mizizini mara ya kwanza. Hapo huvutwa mara ya tatu, au kituo huandikwa "fahirisi tu".

Migono ilidharauliwa bure. Ilivua wachache, ikakaribia kuachwa, lakini kwenye kituo chenye magogo ambako wavu haupiti ndiyo pekee iliyokuwa ikileta *kerstenii* wa uhakika. Swali lake ni la uwepo, si la wingi. Kama uwezekano wa kumnasa usiku mmoja ni 0.4, basi hata akiwepo, bado kuna nafasi ya asilimia 22 hivi ya kumkosa usiku tatu mfululizo. Usiku tano huishusha hadi karibu 8. Kuandika "hayupo" baada ya usiku mmoja, kama ilivyofanyika mwaka wa kwanza, ni kubahatisha.

Kuna kituo kimoja kilichorukwa kwa sababu kilipita kwenye kinamasi cha mafunjo na hewa ya maji (oksijeni iliyoyeyuka) ilikuwa chini. Hiyo si sababu. *E. neumayeri* wa vinamasi vya Uganda magharibi wamechunguzwa kwa miaka mingi, na walio kwenye maji yenye hewa haba wana mashavu makubwa kuliko wenzao wa mito ya wazi. Kituo kimerudishwa, na hewa ya maji hupimwa alfajiri inapokuwa chini kabisa, si saa nne asubuhi mimea ikiwa imeshaanza kuijaza.

## Fomu ya shambani ilivyo sasa

Ukurasa mmoja, penseli, karatasi isiyolowa. Juu kabisa: wavu, pamoja na jicho fundo hadi fundo *na* likivutwa, vyote viwili vikipimwa kwa rula asubuhi hiyo kwenye macho kumi mfululizo. Chini yake kituo, saa, joto, upitishaji umeme na uwazi wa maji. Kisha kila samaki na mstari wake: urefu wa kawaida kwa milimita, mwiba (meno / laini / haijulikani), mstari wa ubavu (kamili / umekatika), gamba (miale / sambamba / halijasomwa), rangi kwa maneno ya mwandishi, namba ya picha, namba ya mtungi.

Safu ya jina iko mwisho kulia, na inajazwa baada ya nyingine zote. Kama mwiba na gamba havijasomwa, safu hiyo ina jibu moja tu linaloruhusiwa: "barbasi". Beseni ni jeupe, lenye rula iliyogandishwa pembeni.